Frances Perkins na sheria isiyo na tarehe ya mwisho

Bunge la Marekani limezoea kuwaongezea wasio na kazi muda wa kulipwa mafao kwa miezi michache tu kila mara, na mara kadhaa muda huo umekwisha kabla ya kura kupigwa. Waziri wa Kazi wa Rais Franklin Roosevelt, Frances Perkins, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta sheria ambayo haingehitaji kuombewa uhai kila baada ya miezi. Aliipata, lakini si yote aliyoitaka.

Tarehe 28 Disemba 2013, Wamarekani wapatao milioni 1.3 waliokuwa wametafuta kazi kwa muda mrefu walipoteza mafao yao kwa siku moja. Uchumi haukuwa umeporomoka siku hiyo, wala wao hawakuwa wamevunja sharti lolote. Mpango ulioanzishwa mwaka 2008 kama hatua ya muda, na ambao Bunge liliuongezea muda mara nyingi, ulifikia tarehe iliyoandikwa katika sheria, na wabunge walikuwa wamekwenda likizo bila kuafikiana.

Ili kuelewa kwa nini nchi tajiri kiasi hicho huwaacha watu wake wakihesabu siku za Bunge, inafaa kurudi nyuma hadi kwa mwanamke aliyesimamia uandishi wa sheria ambayo mipango yote hiyo ya muda imejengwa juu yake.

Kutoka Worcester hadi Chicago

Alizaliwa mjini Boston tarehe 10 Aprili 1880 na kupewa jina la Fannie Coralie Perkins. Wazazi wake walikuwa na asili ya jimbo la Maine, na yeye alikulia Worcester, Massachusetts, ambako baba yake alikuwa na biashara ya vifaa vya kuandikia. Ilikuwa familia ya Kiprotestanti yenye maisha ya wastani, na katika nyumba kama zile umaskini ulihesabiwa kuwa tunda la ulevi au uvivu wa mtu mwenyewe.

Imani hiyo ilianza kutikisika alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Mount Holyoke, alikohitimu mwaka 1902. Mwalimu wake wa historia ya uchumi aliwatuma wanafunzi wakaingie viwandani, wayaone mazingira ya kazi kwa macho yao na kuandika waliyoyaona. Perkins aliwakuta wanawake na watoto waliofanya kazi kwa bidii tangu alfajiri, na ambao jeraha moja la mkono lilitosha kuwatumbukiza katika ufukara. Hakuona ulevi wala uvivu katika maisha yao.

Baada ya chuo alifundisha shule karibu na Chicago, na siku za mapumziko alijitolea katika Hull House, kituo cha jamii kilichoanzishwa na Jane Addams miongoni mwa wahamiaji maskini. Moja ya kazi zake huko ilikuwa kwenda kwa waajiri waliowadhulumu wafanyakazi na kuwadai ujira ambao haukulipwa. Ni katika miaka hiyo alipoanza kujiita Frances. Mwaka 1907 alihamia Philadelphia, akachunguza mawakala wa uongo wa ajira waliowatega wasichana wahamiaji na wanawake weusi waliotoka Kusini, kisha akaenda New York na kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910.

Moto wa Machi 1911

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, Perkins alikuwa akinywa chai kwa rafiki yake karibu na uwanja wa Washington Square mjini New York. Waliposikia kelele na kengele za magari ya zimamoto walitoka mbio. Jengo lililokuwa likiungua lilikuwa na kiwanda cha kushona cha Triangle katika ghorofa zake tatu za juu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ngazi za zimamoto hazikuzifikia ghorofa hizo. Perkins alisimama barabarani akiwatazama wafanyakazi wakijirusha kutoka madirishani. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitalia.

Baada ya msiba huo jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, ikiongozwa na wanasiasa wawili wa chama cha Democratic, Robert Wagner na Al Smith. Perkins alikuwa miongoni mwa wachunguzi wake. Aliamini kwamba mtunga sheria ambaye hajaona hataelewa, kwa hiyo aliwachukua waheshimiwa hao kabla ya mapambazuko wakawaone wanawake wakitoka zamu ya usiku, na aliwaonyesha watoto wadogo wakifanya kazi katika viwanda vya vyakula vya makopo. Wagner alilazimika kutambaa katika kitundu kidogo ukutani kilichoitwa njia ya kutokea wakati wa moto. Sheria za usalama zilizotokana na tume hiyo ziliigwa na majimbo mengine.

Hata hivyo, somo la siasa lililomkaa zaidi lilikuwa la mwaka 1912. Akiwa mtetezi wa shirika la watumiaji wa bidhaa mjini New York, alikuwa akipigania muswada wa kupunguza saa za kazi za wanawake hadi 54 kwa wiki. Dakika za mwisho, wapinzani walikubali kuupitisha iwapo tu wafanyakazi wa viwanda vya vyakula vya makopo wangeachwa nje. Walitarajia watetezi wangekataa na muswada ungekufa. Perkins, bila ruhusa ya wakubwa wake, alikubali. Aliona kuwa maelfu kwa maelfu ya wanawake wangepata nafuu mara moja, na kwamba walioachwa wangepiganiwa baadaye. Mwaka uliofuata walipiganiwa, na wakaingizwa.

Hesabu hiyo ya kupokea kinachopatikana leo na kurudi kesho kudai kilichobaki, aliibeba maisha yake yote. Mwaka 1935 ingemletea ushindi wake mkubwa kuliko wote, na pia lawama ambayo haijaisha hadi sasa.

Mshahara mmoja nyumbani

Mwaka 1913 aliolewa na Paul Wilson, mchumi aliyefanya kazi katika ofisi ya meya wa New York, na aliendelea kutumia jina lake mwenyewe. Mwaka 1916 walipata mtoto wa kike, Susanna. Haikuchukua miaka mingi kabla Wilson hajaanza kuugua maradhi ya akili ambayo yalimfanya aingie na kutoka hospitalini kwa maisha yake yote. Fedha za familia alizipoteza katika biashara ya kubahatisha. Kuanzia hapo Perkins ndiye aliyeilisha nyumba, akalipa gharama za matibabu na kulinda siri ya mumewe dhidi ya magazeti.

Kwa hiyo Al Smith, aliyekuwa sasa gavana wa New York, alipomteua mwaka 1919 katika tume ya viwanda ya jimbo kwa mshahara wa dola 8,000 kwa mwaka, uteuzi huo haukuwa heshima tu. Huyu aliyekuja kuandika sheria kwa ajili ya familia zinazotegemea mshahara mmoja, alijua maana ya kuutegemea.

Mwaka 1929 gavana mpya, Franklin Roosevelt, alimfanya mkuu wa masuala ya viwanda na kazi wa jimbo zima. Miezi michache baadaye soko la hisa lilianguka. Mwanzoni mwa mwaka 1930, Rais Herbert Hoover alipotangaza kwamba ajira zilikuwa zimeanza kuongezeka, Perkins alizipitia takwimu za New York, akaona zinasema kinyume, na akaliambia taifa kupitia magazeti kuwa Ikulu ilikuwa imekosea. Hakuwa amemtaarifu gavana wake kabla, lakini Roosevelt hakumkaripia.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1931 Roosevelt alimtuma Uingereza kuchunguza bima ya ukosefu wa ajira. Nchi hiyo ilikuwa imeianzisha mwaka 1911, mfanyakazi, mwajiri na serikali wote wakichangia. Lakini bima hiyo iliandaliwa kwa ajili ya watu wanaokosa kazi kwa wiki chache. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ukosefu wa kazi katika migodi na viwanda vya Uingereza uliendelea kwa miaka. Bunge la London likaanza kutunga sheria za ziada ili waliomaliza haki yao ya bima waendelee kulipwa kwa muda, na muda ulipokwisha, sheria nyingine ikatungwa. Mfuko uliishi kwa mikopo. Mwezi Agosti 1931 serikali ya chama cha Labour ilivunjika kwa sababu mawaziri walishindwa kukubaliana juu ya kupunguza mafao hayo kwa asilimia 10.

Mfano wa Uingereza ulikuwa na pande mbili. Ulithibitisha kwamba bima ya aina hiyo inawezekana na kwamba inawazuia watu wasife njaa. Pia ulionyesha kinachotokea pale sheria inapodhani kuwa ukosefu wa kazi ni wa wiki chache, halafu hali halisi ikakataa.

New York yenyewe ilikuwa imeingia katika njia ya muda. Mwaka huohuo wa 1931 jimbo liliunda chombo cha misaada kilichobeba neno la muda katika jina lake rasmi, kikatengewa dola milioni 20. Shida haikuisha fedha hizo zilipokwisha, na chombo hicho kililazimika kuongezewa muda na fedha.

Karatasi ya madai

Roosevelt aliposhinda urais, alimwita Perkins nyumbani kwake mjini New York mwezi Februari 1933 na kumpa nafasi ya Waziri wa Kazi. Perkins hakukubali papo hapo. Alikuwa na karatasi yenye orodha ya mambo aliyotaka yafanyike: ukomo wa saa za kazi, kima cha chini cha mshahara, marufuku ya kuajiri watoto, kazi za umma, bima ya ukosefu wa ajira, pensheni ya wazee na bima ya afya. Alimweleza rais mteule kwamba iwapo hakuwa tayari kumuunga mkono katika hayo, amtafute mtu mwingine. Roosevelt alikubali. Tarehe 4 Machi 1933 Perkins akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya Marekani kuingia katika baraza la mawaziri.

Wakati huo karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi. Hatua za kwanza zikawa za dharura. Harry Hopkins, aliyekuwa akiongoza misaada ya New York, alikuja kumtafuta na mpango wa misaada ya taifa. Walikutana katika klabu ya wanawake wasomi mjini Washington iliyojaa watu kiasi kwamba walizungumzia chini ya ngazi. Perkins aliupeleka mpango huo kwa rais, na kufikia Mei sheria ilikuwa imesainiwa na dola milioni 500 zimetengwa.

Majira ya baridi ya 1933 na 1934 serikali iliwaajiri zaidi ya watu milioni 4 kujenga barabara, shule na viwanja vya ndege. Kazi hizo zilikuwa mkombozi, lakini kufikia machipuko ya mwaka 1934 mpango ulifungwa. Mwaka 1935 ulikuja mpango mkubwa zaidi wa kazi za umma, nao uliishi kwa bajeti za kuombwa Bungeni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1939 wabunge waliamuru kuwa aliyefanya kazi katika mpango huo miezi 18 mfululizo aachishwe, awe amepata kazi nyingine au hajapata.

Perkins hakupinga misaada ya dharura. Alichokataa ni kuiona dharura ikigeuka kuwa mfumo. Kwa maoni yake, mtu aliyefanya kazi na ambaye kwa ajili yake mchango umelipwa alistahili kupokea mafao kama haki yake, bila kupitia mlango wa hisani na bila kungoja kura.

Kamati na chupa ya wiski

Mwezi Juni 1934 Roosevelt aliunda kamati ya mawaziri ya usalama wa kiuchumi na kumfanya Perkins mwenyekiti. Walipewa hadi mwisho wa mwaka.

Kikwazo kikubwa kilikuwa katiba. Mahakama ya Juu ya wakati huo ilikuwa na mazoea ya kufuta sheria za aina hiyo. Perkins alihofia kwamba hata Bunge likikubali, majaji wangebomoa. Jaji mmoja wa mahakama hiyo, Harlan Stone, alimdokezea katika hafla ya chai kwamba mamlaka ya serikali ya kutoza kodi yangetosha kuwa msingi wa sheria. Hapo njia ikapatikana: serikali kuu ingewatoza waajiri kodi juu ya mishahara waliyolipa, kisha ingewasamehe hadi asilimia 90 ya kodi hiyo iwapo jimbo lao lingekuwa na bima yake ya ukosefu wa ajira. Jimbo lililokataa lingeona fedha za waajiri wake zikienda Washington bila faida. Wakati huo ni jimbo la Wisconsin pekee lililokuwa na sheria ya aina hiyo, iliyopitishwa mwaka 1932.

Kamati ilivutana kwa miezi juu ya swali moja: je, bima iwe ya taifa zima au ya majimbo? Wajumbe walikubaliana, wakageuka, wakakubaliana tena. Karibu na Krismasi, Perkins aliwaita wenzake nyumbani kwake usiku, akaikata simu isiwasumbue, akaweka chupa ya wiski mezani na kuwaambia hawatoki hadi waamue. Waliamua usiku wa manane. Bima ya ukosefu wa ajira ingekuwa ya majimbo chini ya mwavuli wa serikali kuu, na pensheni ya wazee ingekuwa ya taifa.

Bima ya afya, iliyokuwa katika karatasi yake ya Februari 1933, iliwekwa kando. Upinzani wa madaktari ungeweza kuuzamisha muswada mzima.

Walioingia na walioachwa

Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada mwezi Aprili 1935 kwa kura 372 dhidi ya 33, na Seneti mwezi Juni kwa kura 77 dhidi ya 6. Roosevelt aliusaini tarehe 14 Agosti 1935. Katika picha ya siku hiyo Perkins anaonekana amesimama nyuma ya rais, uso wake mtulivu. Siku hiyohiyo alikuwa amepata habari kwamba mumewe ametoroka alikokuwa akitunzwa, na sherehe ilipomalizika alipanda treni kwenda New York kumtafuta.

Sheria hiyo haikuwa na tarehe ya kufa. Hilo ndilo alilolipigania. Lakini ilikuwa na mipaka. Iliwagusa waajiri wenye wafanyakazi wanane au zaidi. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, katika bima ya ukosefu wa ajira na katika pensheni pia. Miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa majimbo ya Kusini, hizo ndizo kazi ambazo wengi walizifanya. Kamati ya Perkins ilitaka pensheni iwahusu wafanyakazi wote, lakini Wizara ya Fedha ilisema itakuwa vigumu kukusanya michango mashambani na majumbani, na wabunge wenye nguvu hawakuwa na haja ya kubishana nayo. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliionya Seneti juu ya jambo hilo kabla ya kura.

Perkins alifanya tena hesabu ya mwaka 1912. Alipokea kilichopatikana. Tofauti ni kwamba safari hii waliobaki nje hawakungoja mwaka mmoja. Pensheni ilianza kuwafikia katika miaka ya 1950, na bima ya ukosefu wa ajira iliwafikia kwa sehemu tu kupitia marekebisho ya mwaka 1976, miaka 11 baada ya kifo cha Perkins. Wanahistoria bado wanabishana iwapo alikuwa na njia nyingine. Kwa mfanyakazi wa shamba la pamba aliyezeeka akisubiri, mjadala huo haukubadili chochote.

Sheria ipo, fedha hazipo

Siku 12 baada ya sheria kusainiwa, Perkins aliona jinsi ambavyo hata sheria ya kudumu inaweza kushikwa mateka na kalenda ya Bunge. Seneta Huey Long wa Louisiana alisimama kuzungumza katika saa za mwisho za kikao, akipigania bei za pamba na ngano, na hakukaa chini hadi Bunge lilipofungwa. Muswada wa fedha uliokwama kutokana na hotuba hiyo ndio uliobeba bajeti ya bodi mpya ya hifadhi ya jamii. Bodi iliyopewa jukumu la kuwalinda mamilioni ya watu ikazaliwa bila senti. Ilibidi iazime watumishi, meza na ofisi kutoka taasisi nyingine za serikali hadi Bunge lilipokutana tena mwaka uliofuata na kuidhinisha fedha.

Mahakama ya Juu iliihalalisha bima ya ukosefu wa ajira tarehe 24 Mei 1937 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka huo majimbo yote yalikuwa yamekwisha kutunga sheria zao. Mwaka 1938 Perkins alifanikisha sheria ya kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa, na ukomo wa saa za kazi, ikiwa ni pamoja na vizuizi dhidi ya ajira ya watoto.

Mafanikio hayo hayakumkinga. Mwezi Januari 1939 mbunge wa chama cha Republican aliwasilisha hoja ya kumshitaki Bungeni ili aondolewe madarakani, akidai amekataa kumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa makuli wa bandari aliyezaliwa Australia na aliyetuhumiwa kuwa mkomunisti. Perkins alisema sheria haikumruhusu kumfukuza mtu bila ushahidi. Miezi miwili baadaye kamati ya Bunge haikuona msingi wa kuendelea na hoja hiyo, lakini heshima yake hadharani ilikuwa imejeruhiwa.

Alibaki wizarani hadi Juni 1945, zaidi ya miaka 12, muda ambao hakuna Waziri wa Kazi wa Marekani aliyeufikia. Rais Harry Truman alimteua katika tume ya utumishi wa umma, alikokaa hadi mwaka 1953. Mumewe alifariki mwaka 1952. Katika miaka ya mwisho alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, akiishi katika bweni pamoja na wanafunzi vijana waliomkaribisha, na aliendelea kufundisha akiwa na zaidi ya umri wa miaka 80. Alifariki mjini New York tarehe 14 Mei 1965 na kuzikwa Newcastle, Maine, karibu na shamba la mababu zake.

Muda unaoongezwa

Perkins aliishi vya kutosha kuona sheria yake ikianza kushonewa viraka. Katika majimbo mengi mafao yalikuja kufikia ukomo wa wiki 26. Mdororo wa uchumi wa mwaka 1958 uliwakuta watu wengi wakiwa wamezimaliza, na Bunge likapitisha mpango wa muda wa kuwaongezea wiki. Lilifanya hivyo tena mwaka 1961. Mwaka 1970 liliunda utaratibu wa kudumu wa nyongeza inayoanza yenyewe pale ukosefu wa ajira unapopanda, lakini vigezo vyake vilionekana kuwa vizito, na mipango ya muda ikaendelea: 1971, 1974, 1982, 1991, 2002, 2008 na 2020.

Wanaotetea tarehe za mwisho wanasema zinalinda hazina ya serikali, zinawalazimisha wabunge kuipima hali upya, na zinamhimiza mpokeaji asikae mno nje ya soko la ajira. Wanaozipinga wanasema tarehe hizo huwekwa kwa kufuata mivutano ya vyama, si hali ya ajira. Mwaka 2010 nyongeza ilikatika mwanzoni mwa Juni, na Rais Barack Obama hakusaini nyingine hadi tarehe 22 Julai. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, nyongeza ya dola 600 kwa wiki ilikoma mwisho wa Julai. Mipango mingine ilifikia kikomo tarehe 26 Disemba, na Rais Donald Trump akasaini muda mpya siku iliyofuata. Tarehe 6 Septemba 2021 mipango yote ya janga ilifungwa, na watu zaidi ya milioni 7 wakapoteza mafao yao.

Katika kila tukio kama hilo kuna ofisi za majimbo zinazolazimika kuzima mifumo yao ya malipo na kuiwasha tena, kwa kuwa bima ni ya majimbo, kama ilivyoamuliwa usiku ule nyumbani kwa Perkins. Na kuna familia ambazo haziwezi kumwahidi mwenye nyumba kodi ya mwezi ujao.

Makao makuu ya Wizara ya Kazi mjini Washington yana jina la Frances Perkins tangu mwaka 1980, na Disemba 2024 Rais Joe Biden aliitangaza nyumba ya familia yake huko Newcastle kuwa kumbukumbu ya taifa. Sheria ya mwaka 1935 ingali inafanya kazi. Mfanyakazi anayeachishwa leo katika jimbo lolote la Marekani, akitimiza masharti, analipwa wiki zake za kwanza bila kumngoja mbunge yeyote. Zikiisha kabla hajapata kazi, huanza kusubiri kura.